Idara Haithibitishi Wala Haikanushi

Idara ya Michezo ya Chuo cha Pickett Bend, jimbo la Alabama, inayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba haina lolote la kutangaza.

Sentensi hiyo niliiandika mimi, Harmon Pettus, Naibu Mkurugenzi wa Mawasiliano, na hadi leo naihesabu kuwa kazi yangu bora. Niliisoma Jumatatu asubuhi mbele ya waandishi wa habari, na nilipomaliza Kocha Royce Tidmore akanipiga bega. Kwetu Pickett Bend kupigwa bega na Kocha ni zaidi ya kupandishwa cheo. Mkuu wa Chuo ana ofisi tu. Kocha ana sanamu, na bado yuko hai.

Tusifike huko kabla ya kueleza chanzo. Msimu uliotangulia Kocha alikuwa mtu muwazi. Alitangaza hadharani kwamba amemsimamisha mpiga mateke wa timu yetu ya futiboli ya Kimarekani kwa kulala darasani mpaka bawabu akafunga mlango na kwenda zake. Wapinzani wetu wa Dry Fork wakasikia, wakajipanga, wakatutandika mbele ya mama zetu. Tangu siku hiyo Kocha akaapa kwamba tangazo ni zawadi kwa adui. Mzazi mwenye akili, alisema, akimchapa mwanawe hapigi mbiu sokoni.

Ndipo ikazaliwa Sera ya Ukimya wa Kimkakati. Kwa mujibu wa Sera, Idara haitathibitisha wala kukanusha kusimamishwa kwa mtu yeyote wa timu, na hakuna awezaye kulegeza sharti hilo ila Kocha mwenyewe, akiwa kazini. Maneno “mtu yeyote” niliyaweka mimi. Rasimu ya kwanza ilisema “mchezaji”, nikaiona nyepesi.

Sera ilipata mtihani wake wa kwanza wiki ileile ambayo Dry Fork walikuwa wanakuja kwetu. Timu yetu inaitwa Kobe wa Mtoni, na tunaye kobe hai, mkubwa kama sufuria ya ubwabwa wa harusi, aitwaye Jenerali. Kendrell Sturdivant, kijana wetu hodari kuliko wote katika kukimbia na mpira, alimwonea Jenerali huruma. Alisema kobe ananuka na siku ya picha imekaribia. Basi akamchukua kwa nia njema, akampeleka kwenye birika la maji moto ambamo wafadhili wetu hupumzisha viungo, akamsugua kwa sabuni ya mtoto, kisha akaenda kutafuta taulo. Alipokuwa anatafuta taulo, mfadhili mmoja akaingia birikani. Kobe wa aina ile hawana subira. Mfadhili alitoka na vidole vyote kumi vya miguu, lakini kimojawapo hakikuwa na raha.

Kocha alimsimamisha Kendrell kwa mechi ya Dry Fork. Halafu akamwamuru asimwambie mtu, avae jezi Jumamosi kama kawaida, na asimame kando ya uwanja akirukaruka, ili adui achoshe akili kumsubiri. Kendrell aliuliza kama anaweza angalau kumwambia bibi yake. Kocha akamjibu kwamba kila aliyewahi kuvujisha siri alianzia kwa bibi yake.

Waandishi waliuliza Jumanne kama kuna aliyesimamishwa. Kocha alijibu kwa ustadi ambao bado tunawafundisha vijana wapya ofisini.

“Wachezaji wangu wote wanasimama,” alisema. “Wengine husimama uwanjani, wengine husimama pembeni. Hayo ni mambo ya kusimama.”

Mchana wa siku hiyohiyo simu ikalia mezani kwangu. Alikuwa Bibi Ernestine Sturdivant, aliyemlea Kendrell tangu akiwa mchanga, akipiga kutoka Beaumont, Texas. Alinieleza kwa utaratibu kwamba angesafiri kwa muda wa saa tisa kwa gari na mpwa wake, kwamba tiketi yao iko juu kabisa ya uwanja, na kwamba magoti yake yamebakiza ngazi chache za kupanda kabla ya kustaafu. Hakutaka kuzipoteza bure. Kwa hiyo alikuwa na swali dogo tu: mjukuu wake atacheza au hatacheza?

Nilimjibu kwamba upatikanaji wa kila mwanatimu ni mchakato endelevu unaotathminiwa kwa kuzingatia mazingira husika.

“Mwanangu,” akasema, “nimekuuliza kama mvua inanyesha, wewe unanisimulia mwavuli.”

“Nakuelewa, mama. Idara haithibitishi wala haikanushi mvua.”

“Mama yako yuko hai?”

“Yuko hai.”

“Naye unamjibu hivi?”

Nilimwambia kwamba suala hilo nalo lipo nje ya mamlaka yangu. Akakata simu bila kuaga, jambo ambalo kwa watu wa Beaumont ni sawa na tusi.

Sasa, kimya kina tabia moja ambayo Sera haikuitaja: watu hukijaza. Kinyozi mmoja mjini alimwona Kendrell akipita ameinamisha kichwa, akasema huyo kasimamishwa. Mteja wake akasema kama ni huyo, basi na rafiki zake wawili hawakosi. Kufika Jumatano mchana, safu nzima ya ulinzi ilikuwa imesimamishwa kwa kuiba gari la zimamoto. Jioni, kwenye mgahawa wa kambare wa kukaanga, walisimamishwa pia waliobaki, kwa kulikodisha. Kila mwandishi alinipigia, na kila mmoja nilimjibu sawasawa na mwenzake. Uthabiti ndio roho ya mawasiliano.

Alhamisi watu walianza kuuliza swali la kifalsafa. Watoto wote wakiwa wameharibika, mzazi yuko wapi? Mtu akakumbuka kwamba Kocha alionekana akitoka ofisi ya Mkuu wa Chuo huku anatazama chini. Kweli alitazama chini; alikuwa amedondosha ufunguo wa gari. Lakini mji ulikuwa umeshaelewa. Saa nane Bi Maribeth Oakes wa gazeti la wilaya akanipigia, akauliza bila kuzungukazunguka: je, Kocha Tidmore mwenyewe amesimamishwa?

Nakiri nilitikisika. Nikaisoma Sera upya. Ilisema “mtu yeyote wa timu”. Nikakohoa, nikamjibu kwamba Idara haithibitishi wala haikanushi.

Kesho yake gazeti likatoka na herufi kubwa kama za tangazo la vita: CHUO CHAKATAA KUKANUSHA. Chini yake picha ya Kocha, anatazama chini.

Kocha hakuliona. Wiki ya Dry Fork hasomi, hasikilizi redio, hula ofisini huku akitazama mikanda ya mechi za zamani. Sisi wa chini yake tulidhani anajua yote na ana mpango wake. Hata wasaidizi wake walianza kuzungumza kwa sauti ya chini akipita, na yeye akaichukulia kuwa ni heshima.

Jumamosi asubuhi alikwenda nyumbani kunyoa ndevu na kuvaa fulana yake ya bahati. Alirudi saa nne. Maegesho yalikuwa yamejaa, watu wanachoma nyama, watoto wamejipaka rangi ya kijani usoni. Kwenye lango la wachezaji alisimama Clovis Batey, mlinzi wetu, mtu mnyoofu anayependa kuifanya kazi yake mara moja tu. Clovis akaunyosha mkono, akaukandamiza kifuani kwa Kocha kwa upole, kama mtu anayezuia mlango usigonge ukuta.

“Pole sana, bosi wangu,” alisema. “Waliosimamishwa hawaingii.”

Kocha alicheka. Clovis hakucheka. Kocha akauliza nani amesema kasimamishwa.

“Hakuna aliyesema,” Clovis akajibu. “Ila hakuna aliyekanusha. Wiki nzima.”

Nikaitwa. Nilikuja mbio nikiwa na soseji mkononi. Kocha akaniamuru nitangaze papo hapo kwamba hajasimamishwa. Nilimweleza, kwa masikitiko ya kweli, kwamba Sera hainiruhusu kukanusha. Akasema basi anailegeza. Nikamkumbusha kwamba anaweza kuilegeza akiwa kazini, na kama yuko kazini au hayuko ndilo jambo ambalo siwezi kulithibitisha.

“Pettus,” alisema polepole, “mimi ndiye niliyekuajiri.”

“Najua, Kocha. Na uliniambia nisimlegezee mtu yeyote, hata wewe.”

Clovis, kwa wema wake, akapiga simu ofisi ya Mkuu wa Chuo ili kupata uhakika. Dakta Lenora Whitcomb alikuwa chakulani na wafadhili. Karani wake, ambaye nilimfundisha mwenyewe, akajibu kwamba ofisi haithibitishi wala haikanushi. Clovis akairudisha simu mfukoni na kutikisa kichwa kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji.

Hatua chache kutoka langoni, kwenye kiti cha kukunja, alikaa mama mmoja mnene aliyevaa kofia ya kanisani, mguu mmoja ameuegemeza juu ya kisanduku cha barafu. Alikuwa Bibi Ernestine. Alikuwa amefika, akamkumbatia mjukuu wake, akamuuliza swali lake dogo, na Kendrell akajibu kwamba anampenda. Halafu kijana akakataa kuku wa kukaanga. Bibi hakuhitaji zaidi ya hapo kujua kuna jambo, lakini hakujua ni lipi, na ngazi zilikuwa palepale zinamsubiri. Kwa hiyo alikaa chini, akatazama mzozo wa langoni kama mtu aliyelipa kiingilio.

Redio ya wilaya huegesha gari lake hapohapo kila mechi, na vipaza sauti vyake husikika hadi ndani ya uwanja. Kocha alilitazama gari lile. Nikaona uso wake unapita katika rangi zote za bendera. Mechi ilikuwa inakaribia, umati ulikuwa unakusanyika, na mtoto mmoja aliyepakwa rangi akamuuliza baba yake kwa sauti kama huyu ndiye mwizi wa gari la zimamoto.

Kocha akalifuata gari la redio, akamnyang'anya mtangazaji kipaza sauti.

“Mimi ni Royce Tidmore,” sauti yake ikaenea juu ya moshi wa nyama. “Sijasimamishwa. Hakuna aliyeiba gari la zimamoto. Katika timu hii kasimamishwa mtu mmoja tu, Kendrell Sturdivant, kwa mechi hii moja, kwa sababu alimwogesha kobe mahali pasipostahili. Ni hilo tu. Hakuna jingine. Mnisamehe.”

Kisha mtu akauliza kobe aliogeshwa wapi, akaelezwa, na kicheko kikaanza upande wa wachoma nyama na kusambaa hadi barabarani. Hakuna aliyekasirika. Upande wa Dry Fork, kocha wao alionekana akikuna kichwa, maana wiki nzima alikuwa amejiandaa kupambana na watu wasiokuwapo.

Bibi Ernestine aliushusha mguu wake kutoka kwenye kisanduku. “Ahsante,” alimwambia Kocha. “Saa tisa za barabara, na jibu lenyewe limechukua muda wa kumeza mate.”

Kocha alivuta pumzi, akaweka sawa fulana yake, akaelekea langoni. Clovis alikuwa tayari amemfungulia. Na hapo ndipo Dakta Whitcomb alipotokea akishuka ngazi, kitambaa cha chakula bado kimening'inia shingoni. Alisema ameisikia redio. Alisema kanuni za Chuo zinakataza mtumishi kutangaza hadharani adhabu ya mwanafunzi bila idhini ya mwanafunzi mwenyewe, na kwamba adhabu yake ni kusimamishwa kazi siku hiyohiyo.

Kocha aliuliza kwa sauti ndogo kama jambo hilo litatangazwa.

“Sivyo kabisa,” Dakta Whitcomb akasema. “Tunayo sera.”

Clovis akalifunga lango. “Si nilikuambia, bosi wangu,” alisema, bila ubaya wowote.

Kendrell alitoka muda mfupi baadaye amevaa nguo za kawaida, akaenda moja kwa moja kwa bibi yake, na safari hii alikula mapaja mawili bila kupumua. Bibi alimkanya kwa kirefu kuhusu sabuni, ambayo alisema hukausha gamba. Halafu akamwona Kocha amesimama peke yake kando ya sanamu yake, hana pa kuweka mikono, na sanamu inaonyesha njia ya kwenda uwanjani. Alimtuma mpwa wake ampelekee kiti.

Wakakaa hapo Bibi, Kendrell na Kocha, mbele ya televisheni ndogo iliyounganishwa na betri ya gari. Mimi nilisimama nyuma yao, kwa sababu za kikazi. Bibi Ernestine akamkabidhi Kocha kidari cha kuku na karatasi ya kushikia.

“Haya, baba,” alisema. “Na wewe umefanya nini hata wakufungie nje?”

Nilijiandaa kuingilia kati. Lakini Kocha alikishika kile kidari, akamsimulia kila kitu tangu mwanzo: mpiga mateke aliyelala, kipigo cha mwaka jana, aibu aliyoiona usiku ule mbele ya mkewe, Sera, hata ufunguo uliodondoka. Sijawahi kumsikia akijibu swali moja kwa urefu ule. Kendrell alimsikiliza kinywa wazi, akamsogezea chombo cha pilipili.

Uwanjani, chini ya msaidizi mkimya ambaye hakuwahi kuruhusiwa kuchagua hata rangi ya taulo, Kobe wa Mtoni walicheza kwa raha, na Dry Fork wakafungwa vibaya. Ulikuwa ushindi mkubwa kuliko wote katika miaka ya Kocha Tidmore. Mashabiki walimbeba yule msaidizi mabegani wakapita naye mbele ya kile kiti cha kukunja.

Waandishi wamekuwa wakiniuliza tangu siku ile sababu hasa ya ushindi huo. Ninaijua. Idara imeniagiza niseme kwamba uchunguzi unaendelea.