Sanamu Yetu Inaongea

3 Juni, Jumatatu

Mkasi amenunua kipaza sauti! Amekitundika juu ya mlango wa duka lake, mkabala na letu, na tangu asubuhi anabweka: suruali, suruali, suruali! Wateja wanamfuata kama maji yanavyofuata mteremko. (Mkasi ni fundi cherehani kama mimi. Jina alilopewa na mama yake silijui wala sitaki kulijua.) Dada anasema nitulie, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamjibu kwamba sisi tumekaa mno, labda tungetembea kidogo. Dada ndiye mkubwa wangu na duka ni lake, lakini biashara haijui!

Alhamisi mlezi wa kwaya anakuja kuchagua nani ashone sare za waimbaji wote. Ama sisi, ama Mkasi. Tukizikosa, Dada atampangisha mtu mwingine cherehani yangu. Kasema wazi, tena bila kupepesa macho.

Basi jioni akili ikafunguka! Nilikuwa naongea na Dada huku nimebana pini midomoni, kama fundi yeyote. Midomo haikusogea hata kidogo. Dada akanielewa! Sasa, nikisimama kando ya sanamu ya dirishani, nikaongea bila kusogeza midomo, nani ameongea? Sanamu! Kipaza sauti kila mtu anaweza kununua. Sanamu inayoongea, thubutu!

4 Juni, Jumanne

Bahati imenipenda. Mtaalamu wa matamshi amekuja kuchukua sketi yake. Yuko zahanati ya jirani, anawafundisha kusema tena watu waliopatwa na kiharusi. Nikamwuliza kwa ujanja, kama mtu asiye na shida yoyote, sauti hutoka wapi.

Weee! Akaweka mkoba chini. Pumzi hupanda kutoka mapafuni, hufika kooni, na huko kooni kuna NYUZI! Nyuzi za sauti! Zinatetemeka, pumzi inageuka sauti, kisha ulimi, meno, kaakaa na midomo vinaikata na kuipa umbo. Kumbe pumzi ni kitambaa! Kila mtu ana karakana ya ushonaji kooni, na hakuna aliyewahi kuniambia!

Akasema niweke vidole kooni nitamke sss. Kimya. Halafu zzz. Cherehani! Cherehani kabisa, inanguruma chini ya vidole! Ulimi uko palepale, meno palepale, tofauti ni nyuzi tu. Nikaendelea, sss, zzz, sss, zzz, mpaka Dada akauliza dukani kumeingia nyoka au nyuki.

Mtaalamu alitaka kunieleza habari ya midomo. Nikamwambia midomo sina haja nayo. Akanitazama kwa huruma, sijui kwa nini.

5 Juni, Jumatano

Mazoezi mbele ya kioo siku nzima. Midomo imetulia kama ya samaki sokoni. Nimemjaribu Dada kwa sentensi zote, ameelewa kila neno! Aliuliza tu mbona leo sina pini. Sanamu nimeivalisha gauni la mfano, la buluu, kola nyeupe. Nimeikung'uta vumbi puani, maana kesho ina wageni. Mkasi, lala salama!

6 Juni, Alhamisi

Naandika nikiwa stoo, kati ya majora ya vitambaa. Nimefukuzwa mbele.

Mlezi wa kwaya alifika. Bibi wa heshima, mwenye wajukuu wakubwa, mwavuli mkononi. Nyuma yake waimbaji, akina mama watu wazima wote. Mkasi akazima kipaza sauti chake ili aone vizuri. Nikasimama kando ya sanamu, futi shingoni, uso mkavu kama pasi baridi. Nilikusudia iseme: "Karibu mama! Vaa hii leo, utapendeza!"

Sanamu ikasema: "Karidu nana! Zaa hii leo, utatendeza!"

Nikadhani wameduwaa kwa furaha. Nikataka kuwaambia wote wavae, hata baba nyumbani atapenda. Ikatoka: "Zaeni nyote! Hata dada nyundani atatenda!"

Bibi akasogea, akaitazama sanamu usoni, akasema yeye amezaa vya kutosha na duka amelifunga zamani. Kisha akainua mwavuli. Hakuipiga sanamu. Alinipiga mimi, begani. Wakavuka barabara kwa Mkasi, kwaya nzima, wakicheka kwa sauti zote nne.

7 Juni, Ijumaa

Dada hasemi nami. Amebandika tangazo mlangoni: cherehani inapangishwa. Yangu!

Mtaalamu amepita, alikwishasikia. Amecheka mpaka akakalia jora la kitani. Ndipo akanieleza nilichokataa kusikia Jumanne. Ukisema v, meno ya juu hugusa mdomo wa chini. Mdomo ukigoma, kilicho karibu ni z. Na p, b, m hazitoki mpaka midomo ikutane. Basi mbona Dada alinielewa? Dada ananielewa kwa mazoea, akasema, kama mama anavyomwelewa mtoto wake. Nikainamisha kichwa. Halafu yeye akaacha kucheka ghafla, akaniomba nifike zahanati Jumatatu. Kuna mtu anataka nimsalimie.

10 Juni, Jumatatu

Ni mzee, dereva wa lori mstaafu. Kiharusi kimeulegeza upande mmoja wa mdomo wake. Amegoma mazoezi, anaona aibu, anageukia ukutani. Binti yake amekaa kando, mikono mapajani. Mtaalamu akaninong'oneza nimsalimie kwa mtindo wa sanamu.

"Shikanoo dada," nikasema.

Mzee akageuka. Akakunja uso.

"Shikanoo dada!"

Macho yakamtoka kwa hasira. Akashika kidevu chake kwa mkono, akaisukuma midomo mpaka ikakutana. "B... ba. Baba!" Akajigonga kifua. "Baba!"

Binti akafunika uso kwa mtandio. Mzee hakutaka niondoke! Kila nikikosea ananisahihisha, mkali kama mwalimu. Si nini, ni mimi. Si nana, ni mama. Jasho likamtoka, akaanza kucheka, mate yakamdondoka na hakujali. Nami chozi lilinitoka. Naliandika hapa kwa kuwa hapa hapasomwi.

Mtaalamu alimsimulia Dada. Dada akalibandua tangazo, akanimiminia chai, akasema nikiacha hila zangu huwa mtu kabisa. Nimeapa mbele yake. Hila basi!

12 Juni, Jumatano

Lakini hii si hila, ni elimu!

Leo zahanati nimejifunza kwamba koromeo hupanda na kushuka. Likishuka, sauti huwa nzito. Sauti ya kila mtu hutokana na umbo la koo na kinywa chake. Umbo! Na kazi yangu ni nini kama si kuchukua vipimo vya watu? Nimeshusha koromeo, nikapanua kinywa kwa ndani, nikasema "suruali". Mkasi mtupu!

Kesho nitampigia simu mlezi wa kwaya kwa sauti hiyohiyo, nimwambie sare zimenishinda, azipeleke kwa jirani.

Jaribio nimelifanya jioni hii nyumbani, chumbani kwangu, mlango umefungwa. "Habari za jioni, mimi fundi wa ng'ambo ya barabara." Kila m, kila b, midomo imekutana barabara! Dada akaitikia kutoka jikoni, kwa sauti laini ambayo sijapata kuisikia tangu nizaliwe, akauliza: "Mbona leo umechelewa? Pita polepole, mdogo wangu asikusikie."

Ushindi! Hata ndugu yangu wa tumbo moja amedanganyika!