Kamati ya Kupokea Mahakama ya Kale

Kwa heshima na taadhima, wananchi wote wanaarifiwa kwamba jiji lao limeomba jengo. Tena si jengo la mchezo. Ni mahakama ya kale, kuta za mawe na ngazi pana, ambayo Serikali Kuu imeiona ni ziada na iko tayari kuitoa bure. Sharti ni moja: mkaguzi athibitishe kwamba humo hakuna mwananchi aliyehudumiwa kwa siku tisini.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Kupokea Jengo, kwa hiyo ninayoyasema nayajua.

Tuliazimia kulifanya Kituo cha Kuratibu Uratibu. Ili tusikurupuke, watumishi wote wa jiji, kuanzia Mkurugenzi hadi mpokea simu, waliingizwa kwenye Kamati. Kwa miezi minne tukaketi hotelini kuchagua rangi ya mapazia.

Kikwazo kilikuwa Bi Taipu, mjane wa mlinzi wa mahakama, aliyeweka mashine yake ya chapa ukumbini tangu mahakimu wahame, akiwachapia watu barua. Nilimpelekea notisi mwenyewe.

"Nikitoka hapa niende wapi, mwanangu? Wajukuu wangu wanakula kwa mashine hii."

"Mama, kisheria wewe hapa haupo."

"Haya. Basi sogea pembeni, huyu bwana alikuwa mbele yako."

Foleni ilifika barabarani. Mmoja alitaka barua ya kibali cha mazishi, mwingine ya leseni ya genge la mboga. Walidai ofisini kwetu hawakuti mtu. Nilimwonea huruma yule mama, nakiri, ila huruma haikuwa kwenye ajenda.

Mkaguzi alipofika, alipitia kwanza ofisi za jiji kusaini kitabu cha wageni. Alikuta vumbi, na paka juu ya meza ya Mkurugenzi. Akaenda mahakamani, akahesabu watu sitini na watatu kabla ya adhuhuri.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mahakama, aliandika, inatumika. Ziada ni ofisi za jiji, na zitolewe bure kwa anayehudumia watu. Bi Taipu ndiye aliyepewa.

Sasa Kamati inamwomba chumba kimoja, hata cha uani. Jana nilipanga foleni na barua yetu ya kurasa tatu. Bi Taipu alivaa miwani, akaisoma yote bila haraka.

"Imeandikwa vizuri, baba," akasema. "Ila sijaona mnafanya kazi gani."

Nikamwomba siku mbili, nikawaulize wenzangu.