Chubwi au Puu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Vita! Fundi Saa amepata Toleo la 41. Zima! Na kona zake zote nne!

Naandika polepole maana mkono unatetemeka, na mkono huu ndio unaonilisha. Mchora vibao akitetemeka, duka la nyama linasomeka duka la nyoka.

Amelitoa kwenye sanduku la marehemu shangazi yake, chini ya mapazia. Kibanda chake cha saa na changu cha vibao vimepakana ukuta, angeweza kuninong'oneza tu. Hapana. Amesimama nje akatangaza mbele ya Mama Karanga na foleni yake yote. Alitaka niumbuke hadharani.

Niweke kumbukumbu sawa, uzeeni nisije nikasahau. Toleo la 41 ni la mwisho la jarida la katuni la Mkasi, fundi cherehani anayekamata wahalifu. Picha ya mwisho kabisa, Daktari Kutu anamsukuma Mkasi kutoka juu ya daraja la reli. Chini ya daraja, nusu mto, nusu mawe. Mkasi yuko hewani, koti limefunuka, futi yake ya kupimia inapepea shingoni. Kwenye kona, kwa herufi kubwa, sauti ya kuanguka kwake. Kisha: Itaendelea.

Haikuendelea. Jarida lilifungwa. Huu ni mwaka wa arobaini na tisa.

Imeendelea kwangu tu. Madaftari ishirini na matatu, na picha zake, yako uvunguni mwa kitanda changu. Siyaandiki kwa ajili ya mtu. Nayaandika kwa sababu kila nikifungua ukurasa mpya nakuwa na miaka saba tena, na raha ile sijaipata kwingine.

Taabu ni hii. Madaftari yote yamesimama juu ya neno moja, na nakala yangu haina ile kona. Panya aliila. Kilichobaki ni alama ya mshangao na ncha ya mstari uliosimama wima kabla yake. Mimi nasema ule mstari ni I, yaani CHUBWI! Ameangukia majini, mzima. Fundi Saa anasema ni mkono wa U, yaani PUU! Ameangukia mawe, kwisha kazi. Kama ni puu, basi nusu karne nimekuwa nikiandika safari za maiti.

Tumebishana miaka kumi na moja. Leo ulimi ukanitangulia. Nikasema mbele ya mashahidi: ikiwa ni puu, madaftari yote namkabidhi Mama Karanga afungie karanga zake. Ikiwa ni chubwi, Fundi ataniita Mwalimu mpaka siku ya kuzikwa kwake. Tukapeana mikono. Tunafungua Jumamosi, saa nne asubuhi.

Mama Karanga akauliza kama karatasi ni laini. Huyu mama husoma kila karatasi kabla ya kuikunja. Kwa sauti!

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mpango: kuliona jarida kabla ya Jumamosi. Mpango safi, hauna hata tundu.

Fundi akibana kile kioo chake kidogo jichoni, haoni kitu zaidi ya kidole chake. Kwa hiyo nimebeba saa ya ukutani ya dada, nimesema inachelewa. Uongo, haijawahi kuchelewa tangu inunuliwe. Akabana kioo, akainama. Nikavuta droo.

Droo ikaja yote. Yote! Springi, skrubu, mishale, vioo, vyote chini. Jarida halikuwamo. Nimetambaa sakafuni saa mbili nzima nikiokota skrubu ndogo kuliko chawa, Fundi akinielekeza kwa kijiti. Jarida, kumbe, amelikalia. Kalitandaza chini ya mto wa kiti chake tangu jana.

Na saa ya dada, iliyokuwa nzima, sasa haiendi. Fundi anasema aliifungua kutafuta ugonjwa nilioutaja, akaukosa, akashangaa, na kwa kushangaa akaangusha kitu.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Dada kanijia juu kuhusu saa. Nikajitia hamnazo, haikusaidia. Ana miaka sitini na miwili, na mimi hamsini na sita, lakini akinitazama juu ya miwani ile, natafuta pa kujificha. Ikabidi nimweleze yote, na dau pia.

Nilidhani atafurahi. Miaka nenda miaka rudi analalamika kwamba madaftari yangu yanazalisha mende. Ameshatishia kuyawashia jiko. Basi leo, habari njema: huenda yakaondoka yote kwa mpigo!

Hakufurahi. Aliacha kushona. Aliniuliza siku gani. Nikamwambia Jumamosi. Baada ya kitambo akaniuliza tena siku gani. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ni chubwi, yeye mwenyewe ndiye shahidi wangu. Akasema sindano imemchoma, akatoka nje.

Kweli ni shahidi. Tulikuwa tumemzika mama mwezi mmoja nyuma. Surua ikanishika, macho yakafumba kabisa, na mwanga ulikuwa unaniuma. Dada, na miaka yake kumi na mitatu, akashusha pazia, akabakiza ufa mdogo wa kumtosha yeye kusoma. Alinisomea Toleo la 41 na kunieleza picha moja moja. Sasa kofia imeanguka. Sasa Kutu anacheka, jino la mbele hana. Sasa wako darajani. Pembeni alikuwa na beseni la maji la kulowekea kitambaa cha paji la uso wangu. Nakumbuka harufu ya sabuni, na godoro lililoinama upande wake.

Alipofika picha ya mwisho akanyamaza. Nikamuuliza, dada, amekufa? Dada akapiga maji kwa kiganja. Chubwi! Yakanirukia mpaka puani. Nikacheka, kicheko changu cha kwanza tangu mazishi.

Macho yalipofunguka niliomba jarida nijisomee. Kona haikuwapo. Dada akasema panya. Nilimchukia yule panya utoto wangu wote.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mpango wa pili: ukarimu. Nimejitolea kumwandikia Fundi kibao kipya, bure, ili roho yake ilainike anionyeshe japo herufi ya kwanza. Herufi moja tu! C au P, basi.

Fundi alikubali haraka mno. Kibao kilitakiwa kusema: FUNDI BINGWA WA SAA ZA UKUTANI NA MKONONI. Nilipiga mistari ya chaki, nikachagua buluu nzito na kivuli chekundu, kama kichwa cha habari cha jarida lenyewe. Herufi zote nilijifunza mle. Sikwenda shule yoyote ya uchoraji. Nilikaa sakafuni na penseli nikinakili kila BAM na kila KACHA mpaka mkono ukazoea. Leo mji mzima unasoma mwandiko wa Mkasi na haujui.

Kibao kimetoka kizuri ajabu. Tumekipandisha, nikarudi nyuma hatua kumi kukitazama.

FUNDI BINGWA WA SAA ZA UKUTANI NA MTONI.

Mawazo yangu yalikuwa chini ya lile daraja, nifanyeje? Kabla sijashika ngazi, wateja wawili walishamuuliza Fundi kama anapiga mbizi. Mama Karanga amecheka mpaka akamwaga karanga. Fundi hakunionyesha herufi. Amenionyesha mlango.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

SHANGWE! Tena shangwe!

Sijalala vizuri siku mbili. Asubuhi nimeyafunga madaftari kwa kamba nikayabeba kichwani, maana dau ni dau. Njiani yakawa mazito kuliko ndoo ya rangi. Nilikuwa nakumbuka nilichokuwa nikiandika kila mwaka. Daftari la nne, nikiwa shuleni. La tisa, mwaka nilioachwa na mchumba, ambapo Mkasi naye haoi ng'o. La kumi na sita lina doa la chai ya baba, sasa ni marehemu. Nikaona karatasi ile imekunjwa koni, imejaa karanga, inasomwa kwa sauti na mtu anayetafuna.

Saa nne. Mama Karanga tayari ameshika kisu cha kukatia karatasi. Fundi akatoa jarida chini ya mto, akafungua ukurasa wa mwisho.

Kona hakuna!

Fundi akasema mende. Usiku wa kuamkia leo, mende wamekula. Bahati mbaya iliyoje, alisema, akikwepa macho yangu. Tena akaongeza, bila mtu kumuuliza, kwamba akifikiria vizuri, ni kweli, huenda ni chubwi. Mto ule ni mpana. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasingizia harufu ya rangi zangu.

Mwanaume aliyenibishia miaka kumi na moja! Nikamwambia aseme vizuri. Akasema: chubwi, Mwalimu. Mbele ya mashahidi!

Jambo moja dogo. Kona imeliwa kwa mstari ulionyooka kabisa. Mende wa Fundi nao ni mafundi. Lakini mshindi hachunguzi meno ya mende.

Saa ya dada ilikuwa imerudi ukutani. Aliifuata mwenyewe jana. Nilimsikia kupitia ukuta wa kibanda akiongea na Fundi muda mrefu, kwa sauti ya chini. Nilidhani wanagombana kuhusu matengenezo.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nilikuwa natafuta kifungo tu.

Kifungo cha shati kilikatika jana katika kushangilia. Dada alikuwa nje anaanika nguo. Nikafungua kopo lake la vifungo, lile la biskuti, ambalo tangu zamani hataki mtu aliguse kwa sababu, anasema, navuruga rangi. Nikamwaga vifungo kitandani. Chini kabisa, kando ya mkasi wake mdogo, palikuwa na bahasha.

Ndani, vipande viwili vya karatasi.

Kimoja kimekuwa cha njano, laini kama kitambaa kilichofuliwa sana, kimechanwa kwa mkono. Kina P, kina U, kina U nyingine iliyokosa ncha ya mkono wa kulia. Ile ncha ninayo mimi. Kingine hakijachakaa, kimekatwa kwa mkasi, mstari umenyooka. PUU! Kamili, na mshangao wake.

Mimi ni mtu wa herufi. Hapakuwa na la kubisha.

Nimelia. Shajara ni yangu, naandika wazi. Sikumlilia Mkasi. Nilimlilia yule msichana wa miaka kumi na mitatu, mama yake ameondoka, mdogo wake haoni, na neno liko pale mbele yake kwa herufi kubwa. Hakuwa na mtu wa kumdanganya yeye. Akapiga maji. Kisha akachana kona, na akaitunza miaka arobaini na tisa huku akinigombeza kuhusu mende.

Nimerudisha bahasha, mkasi, na vifungo, kila kimoja. Sitamwambia. Kifungo nimeshona mwenyewe. Dada alipoingia alikitazama, akasema nimevuruga rangi, akakifumua akashona upya bila kunivua shati. Nilisimama nimenyooka kama zamani. Aliniuliza mbona macho mekundu. Nikasema harufu ya rangi.

Naapa hapa, kwa kalamu hii: sitaweka dau tena maishani. Mipango basi. Ubishi basi. Nimekuwa mtu mzima.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Daftari la ishirini na nne limeanza vizuri. Mkasi ametoka mtoni ameloa, anakamua koti, na futi yake imerudi sentimita mbili kwa maji. Sijui hata kwa nini niliwahi kuogopa.

Leo mchana kaingia mwalimu mkuu mstaafu, anataka kibao cha nyumba yake. Kaona picha ya Mkasi ukutani. Akatabasamu. Akasema kwake anayo matoleo yote arobaini na moja, kayajalidi kwa ngozi. Akasikitika kidogo: maskini, kufa kifo kile, juu ya mawe. Puu.

Ningeweza kunyamaza. Nilijua. Kuliko mtu yeyote duniani, nilijua!

Nimemwambia asome vizuri, ni chubwi. Akasema herufi anazifahamu, amezifundisha miaka thelathini. Nikamwambia mimi nina shahidi aliyekuwapo. Fundi Saa akachungulia dirishani akinipungia mikono miwili ninyamaze. Sikunyamaza. Dau: madaftari ishirini na manne, na brashi zangu zote. Jumamosi, saa nne asubuhi, nyumbani kwa mwalimu. Mama Karanga ameshaambiwa.

Nimerudi nyumbani nimemweleza dada. Amemaliza mshono, akakata uzi, akavaa viatu vya kutokea. Kisha akaniuliza nyumba ya huyo mwalimu ni ya ngapi kutoka kona, na kama kuna mbwa.

Nimesubiri afunge mlango, nikachungulia kwenye kopo la vifungo. Mkasi haumo.

Mkasi yuko kazini.