Kompyuta Chini ya Blanketi

Jumatatu, 5 Aprili 1976. Sunnyvale.
Siku ya kumi na nne tangu mke wangu Darlene ahamie kwa dada yake, Fresno. Kisa? Nilimwomba atie sahihi karatasi ya kutunza siri kabla hajaniletea kahawa kwenye banda la gari. Mke niliyeishi naye miaka ishirini na mbili! Lakini sheria ni sheria. Bonde hili wanang'oa miti ya matunda kila wiki kujenga viwanda vya kompyuta, na kila mtu ana macho. Kompyuta yangu nimeiunda mwenyewe. Imekamilika, ila haiwaki. Nahitaji mtu wa kuikagua. Asiyeona sana.

Jumanne, 6 Aprili.
Jirani yangu Pedersen kaacha banda lake wazi tena. Anagawa michoro ya mashine yake bure! Watu tisa ndani, wanacheka, wanakula piza. Nimewahesabu nikiwa nyuma ya pazia. Ataibiwa, mjinga yule. Mimi nimekunywa supu ya kopo, nimesimama.

Jumatano, 7 Aprili.
Klabuni kwetu waunda kompyuta, desturi ni ile ile: unasimama, unasema umeunda nini na umekwama wapi, wenzako wanakuvamia kwa msaada. Nikasimama. Nikasema nina kitu, siwezi kukitaja, na kimekwama mahali nisipoweza kupasema. Nikaweka mezani kompyuta ndani ya blanketi, na karatasi kumi na mbili za kutunza siri. Hakusaini hata mmoja. Mmoja kaitumia yake kufungia mkate. Nimekaa saa mbili na blanketi langu. Upweke unauma, nakiri.

Ijumaa, 9 Aprili.
Pedersen kapiga hodi. Nikamtolea karatasi mlangoni.
"Ala! Jirani, nimekuja kukuita chakula tu! Mficha uchi hazai, bwana."
Akasaini hivyo hivyo, bila kusoma. Akafunua blanketi, akatazama kidogo, akasema plagi moja nimeichomeka kinyume. Akaigeuza. Ikawaka! Nililia machozi. Akanishika bega, akasema twende, piza inapoa.
Nikamwambia siwezi. Ameshajua mengi mno. Akaenda zake.

Jumamosi, 10 Aprili.
Inafanya kazi vizuri mno! Nimeipa jina langu. Naandika: HUJAMBO VERNON. Inajibu: SIJAMBO VERNON. Tumeongea hivyo tangu asubuhi. Kwa Pedersen wanacheka.
Mchana Darlene kapiga simu. Kauliza kwa upole kama nataka arudi. Nikamwambia ndiyo, upesi, nyumba imekuwa pango!
Nimekwenda mbio posta kumtumia karatasi yake ya kutunza siri. Nimeiboresha. Sasa ina kurasa tatu.