Kidonge cha Tano cha Philémon

Jumatatu, 6 Machi
Nimetoka hospitali. Nimefedheheshwa. Mimi, préfet, mkuu wa shule kwa miaka kumi na minane, nimeandikiwa dawa nne za kulinda moyo nyumbani. Jirani yangu Philémon, fundi seremala, tuliyelazwa naye kwa ugonjwa uleule, kaandikiwa tano. Tano! Nikamuuliza Docteur Charlène, kwa heshima zote, kama amesahau. Hakusahau. Ya tano inapunguza mwendo wa moyo, na wangu tayari unakwenda polepole mno. "Papa Jean-de-Dieu, weye itakuzimisha." Maneno ya kunibembeleza tu. Kisha akatuagiza tunywe kila siku, hata tukijisikia wazima, na tukumbushane.

Jumatano, 8 Machi
Tunakumbushana. Hapa mtaani Muhumba nyumba zetu zimegusana ukuta. Kidonge chake cha tano ni cheupe, kidogo. Vitamini za mke wangu Mireille ni nyeupe, ndogo. Maman Rosalie, mke wa Philémon, alipotoka kutuletea chai, naye Philémon akiwa amegeukia dirishani kutazama ziwa, nilibadilisha. Vyote. Vitamini haijaua mtu.

Ijumaa, 10 Machi
Nina dawa tano. Vidole baridi kidogo. Nimehesabu moyo: mapigo arobaini na manne kwa dakika. Huo ndio utulivu wa watu wakubwa. Philémon anapigilia misumari tangu asubuhi na kuimba. Anasema anajisikia kijana. Sioni nilichomkosea.

Jumapili, 12 Machi
Misani. Nilikaa benchi la pili lakini kwaya niliisikia kwa mbali, kama inaimba ng'ambo ya ziwa. Wakati wa kupeana amani Mireille alinishika mkono, akauachia upesi. Nimehesabu: thelathini na tisa. Kati ya pigo na pigo kuna kimya kirefu, na ndani ya kimya hicho nikasikia nyundo ya Philémon. Philémon alikuwa amepiga magoti mbele yangu, mikono mitupu. Niliogopa, nasema kweli. Nikakinywa kidonge kama kawaida.

Jumanne, 14 Machi
Nyundo tangu alfajiri. Haraka, haraka, bila kupumzika. Nikamtuma Mireille akamwombe jirani apunguze. Akarudi, akakaa chini. Philémon alikimbizwa hospitali jana, moyo ukienda mbio. Karakana imefungwa kwa kufuli. Nikamuuliza basi anayegonga ni nani. Akanitazama vibaya, akasema yeye hasikii kitu.
Saa sita mchana nyundo ikanyamaza. Simu ikalia muda huohuo. Ni Rosalie. Mireille alipiga kelele kabla hajaiweka chini.

Alhamisi, 16 Machi
Tumemzika. Nimelia sana. Nilimpenda yule mtu, hata kama alinizidi kwa kitu ambacho hakukistahili. Kaburini wazo la vitamini lilinijia. Nikalifukuza. Mwenye dawa nne za kweli hafi kwa kukosa moja.

Jumamosi, 18 Machi
Rosalie amekuja. Hakutaka kuketi. Akasema Philémon alimwambia yote Jumatatu, njiani kwenda hospitali. Aliniona kwenye kioo cha dirisha nikibadilisha. Akanyamaza kwa sababu alinihurumia. "Alisema, muachie Papa Préfet, iko na haya ya kuwa na nne. Miye niko najisikia muzima."
Kisha akaweka mezani vipakiti vya mumewe, vile vinne vilivyobaki. Akasema nichukue na hivi, maana hivi tu ndivyo nilivyokuwa sijachukua. Akatoka bila kuaga. Machozi yakanitoka tena. Miguu yangu siisikii vizuri. Mapigo thelathini na sita.
Halafu nikavipanga vyote mezani, vyangu na vyake. Tisa. Bukavu nzima hakuna préfet mwenye tisa. Naanza kesho, nikishapata chai.