Jua Lililoganda Butimba

Kabla ya yote, msimulizi ameapa. Ameapa kwa kaburi la babu yake, kwa pensheni yake ndogo isiyotosha hata kuugua, na kwa sato aliyelala kwenye sahani mbele yake, kwamba kila neno litakalofuata ni kweli tupu. Likipatikana la uongo, hata moja, atawanunulia wote waliokaa kwenye benchi hili samaki, kila mtu mzimamzima, kichwa hadi mkia. Benchi lenyewe liko Butimba, kwenye banda la samaki wa kukaanga, na waliokaa ni watu wa kawaida wenye njaa ya kawaida. Basi wasikilize.

Ilikuwa Novemba iliyopita, mvua za vuli zikisuasua kama mtu anayedaiwa. Projest alikuwa anapita Butimba kwa pikipiki yake. Huyu Projest ni kijana wa Kihaya kutoka huko Kagera, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni, na elimu ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwa macho. Alijiita Injinia. Ukimuuliza injinia wa nini, alikuuliza wewe umesomea nini.

Siku hiyo kichwa chake kilikuwa kwenye posa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi alitakiwa kwao Noela, msichana wa Bukoba, mbele ya wazee, na alishatangaza kwa mdomo wake mwenyewe kwamba atafika na vitu vyote vilivyotajwa, bila kupunguza hata blanketi la bibi. Asipofika navyo, wazee wangemsikiliza mwalimu mmoja mwenye shamba la kahawa na subira ndefu. Projest alikuwa na maneno ya kutosha kuoa wake wanne. Vitu ndivyo hakuwa navyo.

Ndipo akasikia mngurumo. Nyuma ya nyumba yenye bati jekundu, kwenye kibaraza kirefu, yalikuwa yamepangwa mafriza ya samaki, yamebanana kama ng'ombe kwenye josho. Mbele yake amekaa mama mnene juu ya kigoda, anaitazama mita ya luku, ile ya umeme wa kulipia kwanza, kwa jicho lile ambalo watu humtazama nalo shemeji mlaji.

Projest akazima pikipiki. Moyo ukamwambia: hapa pana blanketi la bibi.

"Mwangaluka, mayu," akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Wewe si wa huku."

"Umenijuaje, mama?"

"Umesalimia kama unasoma."

Huyo ndiye Mama Ndalahwa, mjane, binti wa wafugaji wa Magu, muuza samaki wa kugandisha na barafu za wavuvi. Mpole wa sauti, mzito wa kunyanyuka. Mtu angemwona kanisani akisinzia angesema huyu hata kuku hawezi kumdanganya.

"Naona mita inakusumbua," Projest akasema.

"Ingekuwa mume ningeshairudisha kwao."

Injinia akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa. Akaeleza taratibu, kama daktari anayezungumza na ndugu wa mgonjwa. Bati lote hilo, mama, linapigwa na jua bure toka asubuhi. Nakuwekea sola pale juu, naziunganisha na waya wa shirika la umeme. Jua linalisha mafriza yako. Linalobaki linaingia kwenye nguzo, linakwenda kuwasha taa za watu Mabatini. Sasa shirika haliwezi kutumia mali yako bure. Linakurudishia uniti. Mita yako, badala ya kushuka, inapanda.

"Inapanda yenyewe?"

"Kama bei ya sukari."

Hapa msimulizi anaomba watu wasicheke haraka. Jambo lenyewe lipo duniani. Jua la nyumbani huunganishwa na nyaya za shirika, na umeme ukaenda na kurudi. Uongo wa Projest ulikuwa umeoa ukweli, na ndoa za namna hiyo hudumu.

"Na malipo?" mama akauliza.

"Malipo ya awali tu. Mengine mita itajilipa."

Mama Ndalahwa akakuna goti. "Baba, mimi nimekulia kwa ng'ombe. Kwetu ng'ombe wa maziwa hanunuliwi kwa kutazamwa pembe. Anafungwa kwa mnunuzi, anakamuliwa jioni, anakamuliwa asubuhi, watu wanaona kibuyu kimejaa. Ndipo wanaongea."

Projest, mtoto wa migombani, alidhani amesikia methali.

"Mkamue, mama," akajibu. "Mkamue hadi uchoke."

Kesho yake akapanda juu ya bati na paneli nne. Moja ilikuwa nzima, ya mtumba. Tatu zilikuwa vioo vya dirisha vilivyobandikwa kitambaa cha bluu kwa nyuma, na kutoka chini zilipendeza kuliko ile ya kweli. Waya ukateremka hadi stoo, ukaingia kwenye sanduku la bati lenye vitaa vya Krismasi vinavyokonyeza. Ndani ya sanduku hilo Projest alificha kidude cha vitufe, kile cha kuingizia namba za luku, alichokipata kwa fundi mmoja asiyeuliza maswali, kikaunganishwa na mita ya mama.

Ujanja wenyewe ulikuwa mwepesi hadi unatia huruma. Projest alinunua luku kwenye simu yake, kwa namba ya mita ya mama. Kisha akajifungia stoo, eti anapima presha ya jua, akabonyeza zile namba. Mama, aliyesimama kwenye mita, akaona tarakimu zinaruka juu.

"Imepanda," akasema.

"Jua la leo kali," sauti ikajibu kutoka stoo.

Siku ya pili ikapanda tena. Projest akapangusa mikono, akauliza habari ya malipo ya awali.

"Nimeona jioni," mama akasema. "Bado asubuhi."

Asubuhi akaona. Akasema ng'ombe anaonekana mzuri, ila hajui kama anaweza kulisha nyumba kubwa. Akaleta friza la dada yake. Siku iliyofuata likaja la mke wa mchungaji, limebebwa kwa mkokoteni. Kisha pasi za fundi cherehani wa jirani, kisha mashine ya kutotolea vifaranga. Kila kitu kikachomekwa. Nyumba ikawa inanguruma kama meli.

"Nataka kuona nguvu ya jua," mama akaeleza.

"Linaonekana, mama. Lakini hata jua linachoka."

"Pole yake. Kwa sababu nilikuwa nimewaambia wenzangu wa kikundi. Tuko kumi na wanane." Akamtazama Projest kwa upole. "Wote wana bati."

Mabati kumi na nane. Projest hakulala vizuri usiku huo. Aliona Noela, aliona wazee wamenyoosha miguu, aliona gari dogo likiingia uwanjani na vumbi lake. Mtu anayeona gari hajali pikipiki. Akaiuza, mali pekee aliyowahi kuipata kwa njia isiyo na hadithi ndefu, na pikipiki ikageuka uniti, na uniti zikaingia kwenye friza la mke wa mchungaji.

Jumatatu akakuta mama amevaa gauni la kutokea.

"Nimetoka ofisini kwa watu wa umeme," akasema. "Nimewauliza habari ya jua lako."

Projest akahisi kalamu zote tatu zimekuwa nzito. "Wamesemaje?"

"Wamesema lipo."

"Si nilikuambia."

"Wamesema lina utaratibu. Unaomba kwanza. Wanakuja kukagua. Fundi awe anayetambulika. Halafu wanafunga mita nyingine, inahesabu huku na huku."

"Mama," Projest akasema, akirudishiwa pumzi, "huo utaratibu ndio mimi."

"Ndivyo nilivyofikiri," akajibu Mama Ndalahwa, akaenda kubadili gauni.

Kisha ziwa likavuta pazia. Mvua ilishuka usiku, ikashinda mchana, ikalala, ikaamka tena. Ng'ambo haikuonekana. Projest alikaa chumbani kwake akisikiliza bati na kupiga mahesabu ya roho. Mita ikishuka leo, mama atavunjika moyo. Mama akivunjika moyo, mabati kumi na nane yamekwenda, na Noela naye. Woga ukamshika. Akaweka mfuko wa nailoni kichwani, akakimbia kwa miguu, maana pikipiki tunajua ilipo, akaingia stoo akitiririka kama sangara aliyetolewa wavuni, akabonyeza namba. Kwa woga akanunua mara mbili ya siku zote.

Mama alikuwa amesimama kwenye mita na mwavuli. Akatazama mbingu. Akatazama mita. Akamtazama Injinia.

"Jua la leo," akasema polepole, "kali."

"Ni lile la juzi, mama. Lilikuwa limebaki kwenye waya."

"Hata mimi nilihisi hivyo. Ingia unywe chai, usije ukaumwa." Kwenye chai hiyo Projest akamsimulia hadi habari ya posa.

Ijumaa simu ikaita. Kikundi kimekaa, kikundi kimeridhika, ng'ombe amekamuliwa vya kutosha, Injinia aje achukue chake. Projest alifika ameshafunga begi. Mama Ndalahwa akamkabidhi sanduku la samaki, limefungwa kamba mara tatu.

"Za kikundi ziko chini kabisa," akanong'ona. "Juu nimeweka barafu na sato, maana barabarani kuna watu. Usifungue hovyohovyo. Wezi wana pua."

"Mama, akili hiyo umeipata wapi?"

"Kwa ng'ombe. Kesho utakuja kupima presha?"

"Keshokutwa, mama. Kesho nafuata vifaa vya nyumba kumi na nane."

Wakaagana kama mama na mwana. Projest hakuaga hata paneli zake. Saa ile ile alikuwa kwenye basi la Bukoba, sanduku limelala mapajani, maji ya baridi yanamlowesha suruali, na yeye anatabasamu kama mtu anayebatizwa.

Basi likafika Kigongo, likaingia kwenye kivuko. Abiria wakashuka kupunga upepo. Projest akasogea pembeni, kwenye ukingo, ziwa limetulia mbele yake, akafungua kamba. Akatoa sato wa kwanza. Akatoa wa pili. Chini yao akakuta bonge la barafu, limejaa sanduku zima, jeupe, zito. Akaligeuza. Akaligonga. Katikati yake kulikuwa na kitu cheusi. Akalisugua kwa kiganja hadi likang'aa kama kioo, akachungulia.

Kilikuwa kidude chake cha vitufe.

Akakaa chini. Alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa, ndiyo maana iliuma. Maji yale yalikuwa yamegandishwa na friza, friza lilikuwa limelishwa na uniti, na uniti zilikuwa pikipiki. Mama Ndalahwa alikuwa amemlipa kila kitu. Amemlipa kwa umeme wake mwenyewe, umeganda, umefungwa kamba mara tatu.

"Kaka," abiria mmoja akamuuliza, "hiyo barafu unauzaje?"

Kabla hajajibu, simu ikaita.

"Umefika wapi, baba?" ilikuwa sauti ile ya upole. "Hao sato wawili ni wa wakwe. Posa haiendwi mikono mitupu."

"Mama, ulijua toka lini?"

"Siku ya mvua. Siku nyingine nilikuwa nashuku tu, na mwenye shaka anaendelea kukamua. Ile paneli nzima nimeiombea utaratibu, watu wa umeme watakuja kukagua. Vile vioo nimeweka dirishani. Safari njema."

Barafu ile, kwa sifa ya umeme ulioigandisha, haikuyeyuka yote hadi Bukoba. Sato wakafika wabichi kabisa. Wazee wakala, wakalamba vidole, wakamshukuru Projest kwa heshima zote. Noela akaolewa na mwalimu.

Msimulizi akaweka mfupa kwenye sahani, akajifuta mdomo, akangoja sifa. Benchi zima likawa linatikisa kichwa kwa masikitiko ya Projest. Ila nyuma ya karai la mafuta, mama mnene aliyekuwa anageuza samaki akasimamisha kijiko.

"Mzee," akasema Mama Ndalahwa, maana banda ni lake, "kivuko gani?"

"Kile cha Kigongo."

"Novemba iliyopita?"

Msimulizi akakohoa.

"Novemba iliyopita watu walishakuwa wanapita darajani," akasema Nestory, aliyekaa mwisho wa benchi na ambaye hadi hapo alionekana amelala. "Mimi mwenyewe nilipita. Basi halikusimama hata kwa ajili ya karanga."

"Alifungulia stendi ya Geita," mama akaongeza. "Nilisikia makondakta kwenye simu. Mengine yote ni kweli."

"Kivuko kinapendeza zaidi," msimulizi akajitetea. "Maji huku, barafu huku. Stendi ina nini?"

"Uliapa kwa sato wangu."

Nestory alikuwa ameshasogeza sahani. Jirani yake akauliza kama kichwa kinakuja na ugali au ugali ni wa kujitegemea. Msimulizi akapapasa mifuko, akasema kwa unyenyekevu kwamba pensheni bado haijaingia, na kwamba mwisho wa mwezi si mbali kwa watu wanaoheshimiana.

Mama Ndalahwa akafungua friza, akatoa samaki mmoja mmoja, wamekauka kama mbao, akawapanga mezani hadi meza ikajaa. Kisha akajifuta mkono kwenye khanga na kuunyoosha, kiganja juu, kwa upole ule ule.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Kwetu tunakamua kwanza."

Msimulizi akaitikia marahaba, akavua kiatu cha kushoto, mahali anapofichia za dharura, akalipa.