Ushindi wa Kidole Tumbo Changu

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu katangaza: Alhamisi masjala inahamia ghorofa ya nne. Makabati kumi na saba ya chuma. Lifti mbovu. Karani mwenzangu, tunayemwita Mnoko, kashangilia eti kazi ni afya. Abebe yeye! Mimi nitaugua kidole tumbo. Binamu yangu alikatwa chake mwaka jana, akapumzishwa wiki tatu. Nimemuuliza dalili zote kwa simu. Nataka mapumziko tu. Kisu, hapana.

Jumatano, 6 Machi
Nilianzia mezani kazini, saa nne asubuhi. Maumivu kitovuni, yakahamia chini kulia. Hodari mimi! Mke wangu akapigiwa simu, akaja kunikimbiza hospitali. Daktari kijana akabonyeza, nikapiga yowe. Akaachia, nikapiga kubwa zaidi. Akaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe.

Upasuaji! Jasho likanitoka, sasa la kweli. Niungame? Mke analia, Mkuu kaja kunijulia hali, na Mnoko nyuma yake kanikodolea macho. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mzua maradhi je?

Akaja daktari bingwa na majibu ya damu. Akasema homa hakuna, damu safi, na yeye hamkati mtu kwa sababu ya yowe. Kwanza utrasaundi. Nusura nimbusu mkono.

Mama wa utrasaundi akanipaka mafuta baridi, akatelezesha kifaa chake, akanionyesha kwenye skrini.

“Kidole tumbo chako hiki hapa, baba. Chembamba, hakijavimba. Ungekatwa bure.”

Kizuri kweli! Sijaona kiungo kizuri namna ile. Bingwa akaniuliza kwa sauti ya chini kazini kuna nini wiki hii. Nikakohoa. Akasema nipumzike siku mbili, maumivu yakirudi nirudi.

Alhamisi na Ijumaa! Nimeshinda!

Ijumaa, 8 Machi
Nimelala kochini. Chai ya maziwa, mto mgongoni, mke ananiita mgonjwa wangu. Mnoko saa hizi kiuno hana.

Jumatatu, 11 Machi
Nimeingia kazini kifua mbele. Makabati yote pale pale! Mkuu kasema walinisubiri: bila mimi, nani ajue faili gani liko wapi? Mnoko kanipisha kwa heshima nishike upande wa chini. Nimepanda na tisa. Mgongo si wangu.

Hata hivyo, ushindi ni ushindi: tumbo langu halina kovu. Nilikosea jambo moja tu, kuchagua ugonjwa unaoonekana kwenye picha. Kesho yamebaki manane, nami nitashikwa na kizunguzungu. Kizunguzungu wakipige picha, tuone!